Kipupwe cha Shela: Safari ya Kuwatafuta Wenzetu



Watu wengi wa pwani hawakihesabu kipupwe kuwa msimu wa matembezi. Tangu Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma usiku na mchana, bahari huchafuka, jua huchelewa kutoka mawinguni, na kila mama hufungua sanduku kutoa masweta yaliyolala humo mwaka mzima. Lakini ndiyo miezi ambayo jamaa zetu walio ng'ambo hupata nafasi ya kuja. Shule za Uingereza hufungwa mwishoni mwa Julai, na joto la nchi za Ghuba hupita nyuzi 40, hata watu wakatamani kulikimbia. Kwa hiyo wengi wetu huonana na wapendwa wetu katika baridi, si katika jua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu Julai iliyopita, tulipokutana Shela, katika kisiwa cha Lamu.

Sisi tulikuwa sita. Tulilala chumba kimoja cha bweni katika shule ya wasichana hapa Mombasa, miaka ya 1980, vitanda vya chuma vikiwa vimepangwa vitatu upande huu na vitatu upande ule. Tulikula sahani moja, tukahifadhishana sura, tukafichiana makosa. Kisha ndoa na riziki zikatutawanya: mmoja Likoni, mmoja Kibokoni, mmoja Malindi, mmoja Leicester, mmoja Maskati, na mmoja akaolewa Shela. Yule wa Malindi Allah amemchukua, mwaka mmoja kabla ya safari hii. Tulipokwenda kwenye hitima yake ndipo tulipogundua jambo la kutuaibisha: katika miaka mitatu ya maradhi yake, hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumkagua kitandani. Tulimpelekea salamu za simu na picha za maua. Binti yake hakutulaumu. Alitukaribisha chai tu, na chai ile ilikuwa chungu kuliko lawama.

Siku hiyo ya hitima kulikuwa na jambo la pili. Wawili wetu walikaa ncha mbili za mkeka mmoja wala hawakutazamana. Wametupa ruhusa ya kulieleza kwa sharti la kutotaja majina, wakitumaini kuwa litamfaa mwengine. Mwana wa mwenzetu wa Maskati alimwoa binti wa mwenzetu wa Kibokoni. Tulishangilia harusi ile kana kwamba ni yetu sote. Ndoa haikutimiza miaka miwili. Binti akarudi kwa mamaye na mtoto mchanga wa kike, na kila mama akasimama upande wa mwanawe. Yakasemwa maneno yasiyostahiki, kisha hayakusemwa tena maneno yoyote kwa muda wa miaka tisa.

Wala sisi wengine hatukuwa na usafi wa kujivunia. Tulijiona wenye hekima kwa kuwaalika mmoja mmoja, huyu kwa futari na yule kwa Iddi, ili pasiwe na mtafaruku. Tulichofanya kwa hakika ni kuuzoesha ugomvi, ukapata kiti chake katika majlisi yetu. Marehemu ndiye pekee aliyekuwa akiwapigia wote wawili na kumwambia kila mmoja habari njema za mwenziwe. Alipoondoka, uzi wa mwisho ukakatika.

Mwenyeji wetu wa Shela ndiye aliyeitisha safari. Hakumficha yeyote. Aliwaambia wawili wale kwamba watalala nyumba moja, na akawaahidi kuwa hakuna atakayewalazimisha kusema. Wote wawili wakakubali.

Tulitoka Mombasa kwa basi kabla ya alfajiri, sisi watatu wa Likoni, Kibokoni na Leicester, kila mmoja na maharimu wake. Mwenzetu wa Maskati alikuja kwa ndege pamoja na kaka yake, akashuka kiwanja cha Manda na kuvushwa kwa boti. Njia ya basi sasa ina lami hadi Mokowe, si kama zamani ambapo mvua ya masika ilitosha kuifunga. Bado kuna vizuizi vya polisi, na abiria hutakiwa kuonyesha vitambulisho, kwa hiyo anayesafiri asivifungie katika mzigo wa juu. Tulipopita Malindi tulimsomea marehemu Fatiha. Tukavuka Mto Tana karibu na Garsen, tukapita Witu, na adhuhuri ikatukuta Mokowe, mahali barabara inapoishia na bahari kuanza. Kwa kuwa tulikuwa wasafiri wa siku tatu tu, tuliswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kufupisha, kisha tukapanda boti.

Lamu huonekana kwanza kama mstari mweupe juu ya maji, halafu mstari huwa nyumba za mawe, halafu minara, halafu punda. Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini kwa aliyezoea pwani hauonekani kama makumbusho. Ni mji ambao watu wanaishi, wanaanika nguo, na wanagombana na punda wa jirani. Kutoka Lamu hadi Shela ni mwendo wa kama kilomita tatu kando ya maji. Anayetaka kutembea na aulize kwanza saa za maji. Yakiwa yamekupwa njia ni nyepesi, yakiwa yamejaa hupanda hadi kwenye kuta. Sisi tulifika maji yakijaa, tukaendelea na boti, na kusi ikatunyunyizia chumvi hadi tukawa kama ng'onda.

Mwenyeji wetu alitupokea dakani. Nyumba ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na kiwanda chake kiko wazi juu, hivi kwamba upepo huingia kama mtu wa nyumbani. Mwenzetu wa Maskati alikuwa amekwisha kufika. Tulipoingia alisimama na kutoa salamu kwa wote, na wote tukaitikia. Salamu ya jumla ni mlango mpana, na mtu aweza kupita humo bila ya kumtazama mwenziwe usoni. Ndivyo walivyopita wale wawili.

Jioni ile tulikula mkate wa mofa na mchuzi wa papa mkavu. Mwenyeji wetu alituomba radhi kwa kukosa samaki mbichi, ingawa radhi haikuwa na haja. Katika kipupwe vyombo vidogo haviwezi kutoka nje ya mlango wa bahari, wavuvi hubaki kwenye mikono ya maji yaliyokingwa na mikoko, na samaki hupanda bei. Ndiyo maana wazee walijua kukausha. Kila msimu una chakula chake, na chakula cha shida kikipikwa na mkono unaokupenda hakina upungufu.

Kipimajoto cha simu kilisema nyuzi 24. Mwenzetu wa Leicester alicheka, kwani kwao huo ni mchana mzuri wa kiangazi, na akakaa kiwandani bila mtandio wa pili. Mwenzetu wa Maskati alitetemeka ndani ya mablanketi mawili. Alitueleza kwamba watu wa Oman husafiri miezi hii hadi Salalah kutafuta baridi na manyunyu ya msimu wanaouita khareef. Mzee wa nyumba, baba mkwe wa mwenyeji wetu, aliyekuwa amekuja kutuamkia, akasema kuwa upepo ni ule ule. Kusi inayopiga Shela ndiyo inayovuka mstari wa ikweta, ikajipinda na kuipelekea Salalah mawingu. Ndiyo iliyokuwa ikirudisha majahazi Uarabuni baada ya kaskazi kuyaleta. "Kwa hiyo, mwanangu," alimwambia, "baridi hii ilikuwa njiani kukufuata. Umeitangulia tu."

Asubuhi ya pili tulikwenda ufukweni. Ufuo wa Shela una urefu wa kilomita kama kumi na mbili, na mwezi wa kipupwe ni mtupu. Hili ni jambo ambalo tungependa familia zetu zilijue. Wanawake waliojisitiri wanaweza kutembea hapo kwa utulivu, watoto wakakimbia bila ya kugongana na mtu. Lakini si ufuo wa kuogelea msimu huu. Mawimbi huja makubwa na mkondo huvuta, na mchanga unaopeperushwa huchoma vifundo vya miguu kama sindano. Tulitaka kukodi mashua tuzunguke hadi magofu ya Takwa, ng'ambo ya Manda. Nahodha alitazama mbingu, kisha akatutazama sisi na vikapu vyetu. "Yeo hatutoki, mama zangu," alisema. Hatukumbishia. Anayeishi kwa bahari hupaswa kusikizwa anapoiogopa.

Tukajikinga nyuma ya vilima vya mchanga, tukamimina kahawa. Mwenyeji wetu alikuja na vikombe sita, akasita, akakirudisha kimoja kikapuni. Hakuna aliyesema neno. Halafu akatueleza habari ya vilima vile. Kwa macho ni jangwa, mahali pasipoota kitu cha maana. Lakini mvua ya masika hunywewa na mchanga huo na kuhifadhiwa chini, na maji ya visima yanayonywesha mji wa Lamu hutoka hapo. Ndiyo maana wenyeji wengi wamepinga majumba kujengwa juu yake. Ukiharibu mchanga mkavu wa juu, alisema, utakuwa umeharibu maji matamu ya chini.

Alasiri tulitazama kwa nje Msikiti wa Ijumaa wa Shela, uliojengwa mwaka 1829, wenye mnara mweupe unaoonekana tangu baharini. Baada ya magharibi mzee wa nyumba akatusimulia Vita vya Shela vya mwanzoni mwa karne ya 19, vilivyopiganwa katika mchanga ule ule tulioukalia asubuhi. Majeshi ya Pate na Mombasa yalitua hapo yaje kuitiisha Lamu. Waamu wakayarudisha nyuma hadi ufukweni, na walipokimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa na majahazi yamekaa mchangani. Wengi wakafa hapo. Kisha Waamu, kwa kuhofia kisasi, wakaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na historia ya pwani nzima ikageuka. Mzee akamtazama mwenzetu wa Kibokoni, akamtazama na yule wa Maskati. "Huyu ametoka Mombasa, na huyu ametoka Maskati," alisema. "Nyote wawili mna deni hapa Shela."

Tulicheka sote. Tukaona kwamba wale wawili walicheka kwa pamoja, kisha kila mmoja akanyamaza kama aliyekamatwa.

Usiku ule baridi ilizidi. Upepo uliingia kiwandani na kuvuma katika zidaka za ukutani kama mtu anayepuliza chupa. Yapata saa nane tuliamshwa na kikohozi. Mwenzetu wa Maskati ana pumu tangu utoto, na sisi tuliomjua bwenini tuliijua sauti ile kabla ya kufumbua macho. Alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya magoti, akitafuta pumzi. Dawa yake ya kuvuta alikwisha kuitumia.

Kabla hatujainuka, mwenzetu wa Kibokoni alikuwa ameshasimama. Alikwenda kwenye mkoba wake, akatoa chupa ndogo ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Tukaelewa papo hapo kwamba hakuibeba kwa ajili yake mwenyewe, kwani kifua chake ni kizima. Aliifunga kule Mombasa, nyumbani kwake, akijua anakwenda kulala chumba kimoja na nani, katika mwezi gani.

Alikaa nyuma ya mwenzake juu ya kitanda. Neno lake la kwanza baada ya miaka tisa lilikuwa moja tu.

"Geuka."

Akageuka. Akamkanda mgongo kwa mafuta yale, polepole, kutoka chini kwenda juu, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa na miaka kumi na sita na matroni amelala. Mmoja wetu alikwenda jikoni kuchemsha tangawizi. Wengine tulikaa kimya, tukimwomba Mola. Pumzi ikatulia kidogo kidogo hata ikawa ya kawaida. Hatukusikia msamaha ukiombwa wala ukitolewa. Tuliposimama kwa alfajiri tuliswali jamaa, imamu wetu akiwa katikati ya safu kama ilivyo kwa wanawake, na wale wawili walisimama bega kwa bega. Alipotoa salamu ya mwisho kulia na kushoto, kila mmoja wao aligeuza uso, na safari hii uso ulikutana na uso.

Asubuhi ile, ya siku yetu ya mwisho kamili, tulirudi vilimani. Wawili wale walitutangulia, wakaenda mbali hata wakawa vivuli viwili vyeusi kwenye mchanga mweupe. Waliyozungumza hatuyajui. Kusi ilikuwa ikivuma kutoka kwetu kwenda kwao, na tunadhani Allah alitaka maneno yale yabaki yao. Tuliona mmoja akisimama na kuonyesha kitu kwa mkono, kama anayelalamika, na mwengine akitikisa kichwa. Tuliona wakikaa chini. Jua lilikuwa limepanda sana waliporudi, macho yao mekundu.

"Mchanga," alisema mmoja.

"Mchanga," tukakubali sote.

Tusije tukawapamba wasomaji kwa hadithi iliyonyooka kupita kiasi. Ndoa ile haikurudi, na wala haikutakiwa kurudi, maana kila kijana amekwisha kushika njia yake. Yako maneno yaliyosemwa miaka tisa iliyopita ambayo mwenzetu wa Kibokoni anakiri kwamba bado humuuma. Lakini Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alitukataza kumhama ndugu zaidi ya siku tatu, akatufundisha kwamba mbora wa wawili ni yule anayeanza kutoa salamu. Hakutuambia tungoje hadi maumivu yaishe. Tuliojifanya wasuluhishi kwa kuwatenganisha tulijifunza kwamba kukaa mbali na fitina si sawa na kuleta suluhu, na kwamba lau tungewaweka chumba kimoja mapema, pengine marehemu wetu naye angekuwapo kukinywea kile kikombe cha sita.

Kwa familia zitakazopenda kufanya safari kama hii, tunaacha nasaha chache. Chukueni masweta na mitandio mizito, na dawa za kifua kwa wazee na watoto, kwani upepo wa usiku si wa kuchezewa. Vukeni asubuhi, kabla kusi haijashika kasi. Msiwaache watoto kuingia bahari ya nje. Msitaraji samaki mbichi kila siku. Na kama yuko mnayemkusudia na hamjamwona kwa muda mrefu, msingoje kaskazi na bahari shwari.

Tulirudi Mombasa siku ya nne. Mwenzetu wa Maskati alikuwa na tikiti ya ndege kutoka Manda, lakini alimwomba kaka yake aibadilishe, wakapanda basi pamoja nasi. Mjukuu wake alikuwa akimjua kwa picha alizotumiwa na marehemu. Tulifika Kibokoni baada ya isha. Msichana wa miaka kumi alitufungulia mlango, akatuamkia mmoja mmoja, akafika kwa mgeni asiyemjua na kumtazama bibi yake kwa macho ya kuuliza.

Mwenzetu wa Kibokoni alikuwa bado ameshika mkoba wa mwenzake.

"Mpe mkono," alisema. "Huyu ni nyanyako."

Allah amrehemu mwenzetu aliyetangulia, alaze roho yake mahali pema, na aziunganishe nyoyo zetu kabla ya kutufarikisha. Amin.